Kuandika Maisha ya Wachezaji kwa Haki na kwa Hakika

Bwana Mhariri ameniomba niandike machache kwa ajili ya kurasa za Kiswahili za gazeti letu. Nimeona vema nisilete hadithi wala habari za safari, bali niwape wanafunzi somo juu ya kazi niliyoifanya kwa miaka kadhaa, kila jioni baada ya kusahihisha madaftari. Kazi yenyewe ni kuandika na kusahihisha habari za maisha ya wachezaji, hasa wakimbiaji na wacheza mpira, katika Wikipedia, ile kamusi elezo ya intaneti ambayo mtu yeyote aruhusiwa kuiandika. Ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001 kwa Kiingereza, na tawi lake la Kiswahili likafuata mwaka 2003. Najua ya kuwa wengi wenu huisoma. Wachache hujua kwamba waweza pia kuisahihisha, na wachache zaidi hujua namna ya kuisahihisha pasipo kumdhulumu mtu.

Labda mmoja wenu atauliza: je, jambo hili lina uzito gani? Mchezaji wa nchi kubwa huandikwa na magazeti mia. Moja likikosea, tisini na tisa yatamtetea. Mchezaji wa kwetu mara nyingi ana ukurasa mmoja tu, wenye mistari mitano au kumi. Mtu wa ng'ambo atakaye kumwalika katika mbio, au kumsajili katika timu, huusoma ukurasa huo kwanza. Basi aliyeandika mistari hiyo amekuwa shahidi wa mwenzake mbele ya watu asiowaona.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nitaanza na aibu yangu, maana mwalimu anayeficha makosa yake hafundishi ila nusu ya somo.

Mwaka 2013 nilikuwa mgeni katika kazi hii, na bidii yangu ilikuwa kubwa kuliko busara yangu. Palikuwa na kijana mmoja mcheza mpira, mzaliwa wa wilaya ya jirani, ambaye sitamtaja jina. Siku moja kwa kinyozi nilisikia watu wakisema kwamba kijana yule amefungiwa, kwa kuwa alipokea fedha ili timu yake ishindwe. Jioni ile nikaona katika gazeti mstari mmoja wenye neno "inasemekana". Nikajiambia, lisemwalo lipo. Nikaketi nikaandika katika ukurasa wake: "Mwaka 2013 alifungiwa kucheza kwa kosa la kupokea rushwa." Nikatia jina la gazeti chini yake, nikaenda kulala.

Ukweli ulikuwa huu: wachezaji watatu waliitwa kuulizwa maswali, na yeye aliitwa kama shahidi. Ndiye aliyekwenda kwa hiari yake kutoa habari kwamba kuna mtu anayewagawia wenzake fedha. Hakufungiwa hata siku moja.

Maneno yangu yalikaa siku arobaini na moja. Katika siku hizo gazeti la pili likayanakili kutoka ukurasa ule ule nilioandika mimi. Nilipoliona nilifurahi, nikaliongeza kama ushahidi wa pili! Nilikuwa nimeusikia mwangwi wa sauti yangu, nikadhani ni mtu mwingine anayeitikia.

Kila badiliko huhifadhiwa katika historia ya ukurasa, pamoja na jina la aliyelifanya, nami nilikuwa nimejiandikisha kwa jina langu halisi. Kwa njia hiyo kaka yake kijana alinipata. Alikuja shuleni wakati wa mapumziko, akaniamkia kwa heshima, akatoa karatasi mfukoni. Timu moja ya ng'ambo iliyokuwa ikimtaka mdogo wake ilikuwa imeandika kuuliza juu ya rushwa hiyo, kisha ikanyamaza. Akasema, "Mwalimu, sisi hatukujui, wala wewe hutujui. Tumekukosea nini?"

Sikuwa na jibu. Niliufuta mstari ule mbele ya macho yake. Nikaliandikia barua gazeti la pili, na nyingine nikaipeleka kwa timu ile. Jibu la timu halikuja. Sisemi kwamba ni maneno yangu peke yake yaliyowanyamazisha. Timu huwaacha wachezaji kwa sababu nyingi. Lakini siwezi kusema pia kwamba siyo. Jambo hili sitalijua kamwe, nami nimezoea kuishi nalo.

Wala si katika nchi zetu tu mambo haya yametokea. Mwaka 2005 mtu mmoja alitia uongo katika ukurasa wa John Seigenthaler, mwandishi mashuhuri wa habari wa Marekani, akimhusisha na mauaji ya ndugu wawili wa ukoo wa Kennedy. Uongo huo ulikaa kwa muda wa miezi minne hivi kabla ya kuondolewa. Mwaka 2007 mcheza gofu Fuzzy Zoeller, mshindi wa mashindano ya Masters ya mwaka 1979, alikwenda mahakamani huko Florida kwa ajili ya maneno yaliyotiwa katika ukurasa wake, ambayo alisema ni ya kumkashifu. Baada ya kisa cha Seigenthaler, wenye kamusi waliweka kanuni maalumu juu ya maisha ya watu walio hai. Kiini cha kanuni hiyo ni hiki: neno lolote la kutiliwa shaka juu ya mtu aliye hai, lisilo na chanzo cha kuaminika, liondolewe mara moja, pasipo kungoja mabishano. Kanuni hiyo yahusu maneno ya kusifu kama yahusuvyo maneno ya kulaumu.

Sasa natuingie katika somo lenyewe.

SOMO LA KWANZA: SHAHIDI AWE WA PILI KWELI

Kabla ya kuandika mstari, tafuta aliyeandika habari hiyo kabla yako, tena mwenye kujulikana na mwenye kuweza kuulizwa. Matokeo ya mbio yatafutwe katika orodha za Shirikisho la Riadha la Dunia. Habari za hukumu zitafutwe katika tangazo la waliohukumu. Habari za maisha zitafutwe katika gazeti lenye mhariri, au kitabu. Kinyozi si chanzo, hata kama ni mtu mkweli. Wewe mwenyewe si chanzo, hata kama uliketi uwanjani ukaona kwa macho yako.

Halafu uangalie kama mashahidi wawili ni wawili kweli. Magazeti mawili yakitumia maneno yale yale, neno kwa neno, huenda moja limenakili jingine, au yote mawili yamenakili kamusi. Tazama tarehe. Ikiwa gazeti limeandika baada ya ukurasa kuandikwa, na halitaji lilikopata habari, usilitumie kuuthibitisha ukurasa huo.

Na neno "inasemekana" likutie hofu. Wazee wetu walisema, "Lisemwalo lipo, ikiwa halipo laja." Methali hiyo yafaa kwa mtu anayetaka kujihadhari na mvua au na jirani mbaya. Kwa mwandishi wa maisha ya watu haifai hata kidogo. Kwake yafaa ile nyingine: "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi."

SOMO LA PILI: JINA NI LA NANI?

Makosa mengi ya wakimbiaji wa pande zetu huanzia katika majina. Tazameni mbio za marathoni za Olimpiki za London, tarehe 12 Agosti 2012. Aliyeshinda ni Stephen Kiprotich wa Uganda, kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Wa pili ni Abel Kirui wa Kenya. Wa tatu ni Wilson Kipsang Kiprotich, naye pia wa Kenya. Mtu wa mbali akisoma "Kiprotich" mara mbili katika orodha moja hudhani ni ndugu, au humpa mmoja medali ya mwenzake. Lakini katika lugha za Wakalenjin jina Kiprotich hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati ng'ombe wanaporudi nyumbani jioni. Na ng'ombe hurudi kila jioni! Basi jina moja si ukoo mmoja. Usiandike kwamba fulani ni ndugu wa fulani mpaka chanzo kiseme hivyo waziwazi.

Kuna pia mtu mmoja mwenye tahajia mbili. Mwaka 2005 huko Helsinki, mbio za wanawake za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji zilikimbiwa kwa mara ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha. Mshindi alikuwa dada yetu Inzikuru wa Uganda. Vyanzo vingine humwandika Docus, vingine Dorcus. Anayetafuta kwa tahajia moja tu atakosa nusu ya habari zake, na pengine atafungua ukurasa wa pili wa mtu yule yule. Andika tahajia moja juu, na ya pili itaje ndani.

SOMO LA TATU: TAREHE NA TARAKIMU

Je, Peruth Chemutai alishinda medali ya dhahabu mwaka gani? Wengi watajibu upesi: mwaka 2020, kwa kuwa michezo yenyewe huitwa Tokyo 2020. Lakini michezo hiyo iliahirishwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ikafanyika mwaka 2021. Chemutai alishinda tarehe 4 Agosti 2021, akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki. Jina la michezo libaki kama lilivyo, na tarehe ya ushindi iandikwe kama ilivyokuwa.

Tarakimu nazo zina mipaka yake. Tarehe 12 Oktoba 2019 huko Vienna, Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia masafa ya marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hilo ni kweli, na ni jambo kubwa. Lakini haikuwa rekodi ya dunia. Hayakuwa mashindano ya wazi. Wakimbiaji wa kumwongoza walibadilishana njiani, na vinywaji aliletewa na watu wa baiskeli. Mwandishi wa haki hutaja yote mawili: alichokifanya, na sababu ya kutohesabiwa kuwa rekodi. Akiacha la kwanza, amemwibia Kipchoge. Akiacha la pili, amewaibia waliokimbia kwa masharti ya kawaida.

Tena jihadharini na neno "sasa". Tarehe 25 Septemba 2022 huko Berlin, Kipchoge aliweka rekodi ya marathoni ya saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Walioandika "sasa ndiye mwenye rekodi ya dunia" waligeuka waongo tarehe 8 Oktoba 2023, wakati Kelvin Kiptum alipokimbia huko Chicago kwa saa 2 na sekunde 35. Laiti wangeandika "mwaka 2022 aliweka rekodi", mstari wao ungebaki kuwa kweli siku zote. Mstari wenye mwaka wake hauhitaji mlinzi.

SOMO LA NNE: KUSHTAKIWA SI KUHUKUMIWA

Hapa ndipo penye hatari kubwa, na hapa nawaomba msome polepole.

Mchezaji anapopimwa kama ametumia dawa zilizokatazwa, mkojo wake hugawanywa katika chupa mbili, A na B, nazo hufungwa kwa muhuri. Chupa A hupimwa kwanza. Ikionekana na dawa, mchezaji ana haki ya kudai chupa B ifunguliwe na kupimwa pia. Chupa B isipokubaliana na A, kesi haiendi mbele. Kwa hiyo kati ya habari ya kwanza na habari ya mwisho huweza kupita majuma au miezi, na katika muda huo magazeti huwa yamekwisha kupiga kelele.

Mfano wake ni Bernard Lagat, aliyezaliwa Kenya mwaka 1974. Katika Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000 alipata medali ya shaba ya mita 1,500. Mwezi wa Agosti mwaka 2003, kabla ya mashindano ya dunia ya Paris, chupa yake A ilisemekana kuwa na dawa ya kuongeza damu iitwayo EPO. Lagat akakosa mashindano yale. Kisha chupa B ikapimwa, wala haikuthibitisha ya kwanza, naye akasafishwa. Mwaka 2004 huko Athens akapata medali ya fedha, nyuma ya Hicham El Guerrouj wa Morocco kwa sehemu kumi na mbili tu za mia za sekunde. Baadaye akakimbia kwa bendera ya Marekani, na mwaka 2007 huko Osaka akashinda dhahabu ya mita 1,500 na ya mita 5,000.

Sasa fikirini mwandishi aliyetia mstari wa chupa A mwezi wa Agosti, kisha akaondoka asirudi tena. Kila neno lake lingekuwa na chanzo. Gazeti lingekuwapo, tarehe ingekuwapo. Hata hivyo ukurasa ungekuwa wa uongo, kwa sababu nusu ya kisa haimo. Nimejifunza hapa kwamba chanzo peke yake hakitoshi. Anayeanza kusimulia shtaka amejifunga kulifuata mpaka mwisho wake. Kama huna nafasi ya kulifuata, usilianze.

Na mtu aliyehukumiwa kweli naye ana haki yake. Liandike kosa kwa maneno ya waliohukumu. Katika riadha Kitengo cha Uadilifu, kilichoanza kazi mwaka 2017, hutangaza majina ya waliosimamishwa kwa muda mbali na majina ya waliokwisha kuhukumiwa, nasi tusiyachanganye. Kuna pia wanaofungiwa kwa sababu hawakupatikana mahali walipoandikisha kwamba watakuwapo ili wapimwe. Hilo ni kosa, nalo litajwe. Lakini asiandikwe kuwa amekutwa na dawa mwilini, maana hakukutwa nayo.

SOMO LA TANO: MIZANI

Ukurasa waweza kuwa na maneno ya kweli matupu, kisha usiwe wa haki, kwa sababu mizani imeinama upande mmoja.

Baadhi yetu tunaikumbuka siku ya tarehe 26 Machi 2017, Kololo, Kampala, katika mbio za nyika za dunia. Joshua Cheptegei aliongoza mbele ya watu wake, akawaacha wenzake nyuma, kisha katika duru ya mwisho miguu ikamwishia. Akapitwa na mmoja, na wa pili, na wengine, akamaliza wa 30. Uwanja ulinyamaza. Lilikuwa jambo la kweli, na magazeti mengi yaliliandika.

Je, lipewe mistari mingapi? Mtu angeandika mistari kumi juu ya siku ile na mmoja juu ya mengine yote, na kila mstari ungekuwa na chanzo. Lakini mwaka 2019 huko Aarhus, Denmark, Cheptegei alishinda mbio zile zile za nyika. Mwaka 2020 aliweka rekodi mbili za dunia: mita 5,000 huko Monaco kwa dakika 12 na sekunde 35.36, na mita 10,000 huko Valencia kwa dakika 26 na sekunde 11. Akapata dhahabu ya mita 5,000 katika michezo ya Tokyo, na dhahabu ya mita 10,000 huko Paris mwaka 2024. Basi Kololo istahili mstari mmoja au miwili, si zaidi. Wala isifutwe! Nimeona wapenzi wake wakitaka kuifuta, wakidhani wanamheshimu. Msomaji asiyeijua Kololo hawezi kujua Aarhus ilimpasa kijana yule kitu gani.

Nasi watu wa kwetu tuna ugonjwa mwingine, nao ni sifa. Pimeni mistari hii miwili. Wa kwanza: "John Akii-Bua alikuwa simba wa Afrika, shujaa asiye na kifani." Wa pili: "Tarehe 2 Septemba 1972 huko Munich, John Akii-Bua wa Uganda alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, akikimbia katika njia ya kwanza, ambayo kona zake ni kali kuliko nyingine zote. Ilikuwa rekodi ya dunia, na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48." Katika mstari wa pili hakuna neno "simba" wala "shujaa". Lakini ni upi unaowafanya mkae wima vitini? Mwenye matendo makubwa hahitaji kusifiwa. Yahitaji tu matendo yake yatajwe sawasawa.

SOMO LA SITA: MLANGO WA NYUMBA

Mchezaji ametuuzia tiketi ya uwanja, hakutuuzia nyumba yake. Majina ya watoto wake, shule wanayosoma, mahali anapokaa, nambari yake ya simu, ugonjwa wa mama yake: hayo si yetu, hata kama gazeti moja limeyatoa. Jiulize, je, jambo hili linasaidia kueleza kazi yake ya uchezaji? Kama halisaidii, liache.

Kadhalika msiandike ukurasa wa ndugu yenu, wala wa kocha wenu, wala wa mtu aliyewalipa. Hata ukiwa mkweli, mkono utaelemea. Ukiona kosa katika ukurasa wa mtu wa kwenu, andika katika ukurasa wa majadiliano: taja uhusiano wako, onyesha kosa, toa chanzo, na mwombe mwingine alisahihishe. Mchezaji mwenyewe naye aweza kufanya hivyo.

Na mkibishana na mtu, msivutane kama watoto wenye kamba. Akirudisha ulichokifuta, nenda katika majadiliano umweleze sababu zako. Katika Wikipedia ya Kiingereza mtu anayerudisha mabadiliko ya wenzake zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja kwa saa 24 huweza kuzuiwa asiandike. Ila panapokuwa na uongo wa dhahiri juu ya mtu aliye hai, ondoa kwanza, kisha ueleze.

MAZOEZI

Someni mistari hii juu ya mkimbiaji wa kubuni: "Fulani, simba wa mbio ndefu, sasa ndiye mkimbiaji bora nchini. Mwaka jana alishindwa vibaya kwa sababu ya ulevi. Inasemekana alipimwa akakutwa na dawa. Ana watoto watatu wanaosoma karibu na uwanja." Hesabuni makosa, kisha mwandike upya mistari hiyo.

Nitawaonyesha njia. "Simba" na "bora" ni sifa zisizo na kipimo. "Sasa" na "mwaka jana" hazina mwaka. "Ulevi" ni shtaka lisilo na shahidi. "Inasemekana" mmekwisha kuijua. "Alipimwa akakutwa" haielezi chupa ipi, wala kesi iliishaje. Watoto hawatuhusu. Mkiyaondoa hayo yote mtaona kwamba hapana kilichobaki isipokuwa jina. Basi anzeni na jina hilo, mtafute mbio alizokimbia, mwaka, mahali, muda na nafasi aliyomaliza. Mistari mitatu ya namna hiyo ni ukurasa mwema kuliko hamsini za kwanza.

Zoezi la pili ni la wanafunzi wa zamani pia. Kila mmoja achague mchezaji mmoja wa nchi zetu za jirani, asome ukurasa wake wa Kiswahili, na ahakikishe tarehe tatu tu. Nyingi mtazikuta ni sahihi. Mkikuta moja iliyopotoka, mwaisahihishe na kutia chanzo. Kazi hiyo haichukui nusu saa, wala hakuna atakayewapigia makofi.

Yule kijana wa mpira aliendelea kucheza hapa nchini kwa miaka mingine minne, kisha akawa mwalimu wa watoto. Ukurasa wake bado ni mfupi. Mwaka hadi mwaka huufungua niutazame, nione kama mtu hajarudisha mstari ule. Kaka yake hakurudi tena shuleni, lakini swali lake naliuliza kila nikiketi kuandika juu ya mtu: huyu amenikosea nini? Na kwa kuwa jibu siku zote ni kwamba hakunikosea neno, nalazimika kuangalia tena tarehe.

Nawatakia masomo mema.

Mwanafunzi wa zamani